Sura ya Tatu: Punje ya Jedwali

Ujenzi wa mfumo wa maarifa ya biashara, yaani mfumo unaochukua kumbukumbu za mauzo, manunuzi, malipo na mizigo kutoka pale zinapoandikwa na kuzipanga upya ili mwenye kuamua apate majibu anayoweza kuyategemea, hufundishwa mara nyingi kwa kuanzia mwisho wake, kwenye dashibodi zenye duara za rangi na mishale ya kupanda na kushuka, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi humaliza mafunzo wakiwa mafundi wa kupamba namba ambazo hawawezi kuzitetea mbele ya mhasibu. Sura hii inashika njia nyingine. Uamuzi mzito kuliko yote katika kazi hii hufanywa kabla mchoro wowote haujachorwa, pale mjenzi anapotamka kwa sentensi moja mstari mmoja wa jedwali lake unawakilisha kitu gani hasa. Na zana za hifadhidata zilizopo leo, nyingi zikiwa za bure, zinatosha kumfikisha mbali sana yule aliyeufanya uamuzi huo kwa uangalifu.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyopendekeza mfumo wa mashine wa kuzifikisha taarifa kwa watu wanaozihitaji ndani ya taasisi, na jina alilolipa pendekezo lake ndilo lililokuja kubebwa na tasnia nzima. Mwaka 1970 Edgar Codd, naye wa IBM, alionyesha kwamba data inaweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida yanayohusiana kwa thamani zilizoandikwa ndani yake, bila mtumiaji kulazimika kujua zimehifadhiwa vipi ndani ya mashine, na miaka 4 baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaitambulisha lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo ndiyo SQL ya leo. Barry Devlin na Paul Murphy walieleza mwaka 1988 muundo wa ghala la data, yaani hifadhidata ya pili inayotengwa kwa ajili ya uchambuzi pekee. William Inmon akatoa kitabu chake juu ya ujenzi wa maghala hayo mwaka 1992, na Ralph Kimball akatoa chake mwaka 1996. Wawili hawa wa mwisho waligawa wafuasi. Inmon alitaka data yote ya taasisi ikusanywe kwanza mahali pamoja, ipangwe bila marudio, kisha sehemu za matumizi maalumu zikatwe kutoka humo. Kimball alitaka ghala lijengwe shughuli moja baada ya nyingine, mauzo leo na manunuzi kesho, mradi majedwali ya wateja, bidhaa na tarehe yawe yale yale kwa shughuli zote. Kwa anayejifunza, na kwa biashara ya kati ya Afrika Mashariki isiyoweza kulipa mishahara ya wataalamu miaka 2 kabla ya kuona ripoti ya kwanza, njia ya Kimball ndiyo inayofaa, na ndiyo inayofuatwa hapa.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi huuliza ni kwa nini iwepo hifadhidata ya pili wakati ya kwanza inafanya kazi. Hifadhidata ya kaunta, ile anayoandikia karani wa mauzo, imeundwa ili kuandika jambo dogo moja kwa haraka na bila kosa: mteja kachukua katoni 10, stoku ipungue 10, ankara itoke. Ili jambo hilo lisikosewe, kila taarifa huwekwa mahali pamoja tu, jina la mteja kwenye jedwali lake, bei kwenye jingine, na sifa hiyo inayoifanya iandike vizuri ndiyo inayoifanya isomeke kwa taabu, kwa sababu agizo moja la kujua faida ya mwaka kwa kila mkoa hulazimika kuunganisha majedwali kadhaa na kupitia mistari mamilioni, huku karani kwenye kaunta akingoja ankara isiyotoka. Tena hifadhidata ya kaunta haina wajibu wa kukumbuka yaliyopita; bei ikibadilika, ya zamani hufutwa.

Mfano mkubwa wa utengano huu uko karibu. Programu ya DHIS2, inayotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo asili yake ni kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, inatumiwa na wizara za afya za nchi nyingi. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inaitumia. Data zinazoingizwa na zahanati hukaa katika majedwali ya kuandikia ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, lakini ripoti hazisomwi humo moja kwa moja. Programu hujenga majedwali mengine ya uchambuzi, mara nyingi usiku, na kila takwimu hutambuliwa kwa maswali 3 ambayo ni nini, wapi na lini. Afisa wa wilaya anayetazama idadi ya watoto waliochanjwa anatumia kanuni ile ile anayoihitaji mwenye duka la jumla anayetaka kujua mifuko ya saruji iliyouzwa, na mwanafunzi anayeuelewa mfumo mmoja ameuelewa na mwingine.

Ichukuliwe sasa biashara ya jumla inayosambaza unga, sukari, mafuta ya kula na sabuni kwa maduka ya rejareja, ambayo baadhi ya wateja wake hulipa taslimu, wengine kwa simu, na wengine huchukua mali kauli na kulipa wakishauza. Mjenzi wa ghala huanza kwa kuandaa jedwali la matukio, yaani jedwali linalohifadhi vitu vilivyotokea na vinavyopimika, kama kiasi kilichouzwa, thamani yake na gharama yake. Kabla ya kulitaja hata kwa jina, anapaswa kuamua punje yake, nayo punje ni maana ya mstari mmoja. Je, mstari mmoja ni ankara nzima, au ni bidhaa moja ndani ya ankara moja, au ni jumla ya siku kwa kila tawi? Jibu linaloshauriwa karibu siku zote ni punje ndogo kabisa ambayo chanzo kinaweza kuitoa, hapa ikiwa bidhaa moja ndani ya ankara moja, kwa sababu kutoka kwenye punje ndogo mtu anaweza kujumlisha akapata siku, mwezi na tawi, lakini aliyehifadhi jumla ya siku pekee hana njia ya kujua baadaye kama sukari na unga hununuliwa pamoja. Diski ni rahisi. Taarifa iliyopotezwa wakati wa kupakia hairudi.

Punje ikiachwa bila kutamkwa, kosa hujitokeza mahali ambapo halionekani kwa macho. Iwepo ankara moja ya shilingi 300,000 yenye mistari 3 ya bidhaa: unga wa shilingi 100,000, sukari ya 120,000 na mafuta ya 80,000. Mteja kailipa mara 2, shilingi 200,000 kwa simu na 100,000 taslimu. Mwanafunzi anaandika agizo moja la SQL linaloiunganisha ankara na bidhaa zake na malipo yake kwa pamoja, na hifadhidata, ikitii kama ilivyoagizwa, inakutanisha kila bidhaa na kila malipo na kurudisha mistari 6. Akijumlisha thamani ya bidhaa anapata shilingi 600,000, kwa kuwa kila bidhaa imehesabiwa mara 2. Akijumlisha malipo anapata 900,000, kwa kuwa kila malipo yamehesabiwa mara 3. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, na namba zote mbili zinapendeza zikiwekwa kwenye dashibodi. Tiba yake haimo katika ufundi wa kuandika SQL ndefu zaidi, bali katika kutambua kwamba mauzo na malipo ni shughuli 2 zenye punje 2 tofauti, ambazo zinastahili majedwali 2 ya matukio, kila moja lijumlishwe peke yake hadi kiwango cha ankara au cha mteja, ndipo majibu yawekwe kando kwa kando. Anayejifunza afanye zoezi hili kwa mkono, mistari 6 ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, kwa maana makosa mengi ya ripoti za mauzo ni jamaa wa kosa hili.

Jedwali la matukio huzungukwa na majedwali ya maelezo, ambayo kila moja hueleza upande mmoja wa tukio: nani alinunua, kitu gani, kutoka tawi lipi, siku ipi. Mpangilio huo huitwa nyota, kwa kuwa ukichorwa jedwali la matukio hukaa katikati na mengine hutoka kama miale. Majedwali ya maelezo huwa na mistari michache lakini safu nyingi, na wingi huo wa safu ndio utajiri wa ghala, kwa sababu kila safu ni njia mpya ya kuuliza.

Jedwali la kalenda linathibitisha hilo kuliko yote, ingawa wanaoanza hulidharau wakidhani tarehe inajieleza yenyewe. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida; mwaka 2022 ulianza mwanzoni mwa Aprili, na mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Mfanyabiashara wa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam anayelinganisha mauzo ya tende na sukari ya Aprili 2022 na ya Aprili 2025 ataona anguko kubwa na huenda akamlaumu meneja wa mauzo, ilhali kilichohama ni mwezi wa mfungo. Jedwali la kalenda lenye mstari mmoja kwa kila siku, na ndani yake safu za mwaka wa fedha, siku ya juma, sikukuu, mwezi wa Kiislamu na msimu wa mavuno, hujengwa mara moja na kutumika miaka mingi, na humwezesha mtu kuuliza juu ya wiki ya mwisho ya mfungo kwa wepesi ule ule wa kuuliza juu ya mwezi Machi.

Majedwali ya maelezo yana tatizo moja zito, nalo ni kwamba ukweli unaoelezwa hubadilika. Mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ulikuwa katika Mkoa wa Mbeya mpaka mwanzoni mwa mwaka 2016, ambapo Mkoa wa Songwe ulianzishwa na mji huo ukawa sehemu yake. Biashara iliyouza bidhaa Tunduma kabla na baada ya hapo inapaswa kuamua: mauzo ya mwaka 2014 yasomeke chini ya Mbeya, kama yalivyokuwa, au chini ya Songwe, kama mji ulivyo sasa? Mjenzi akibadilisha tu neno Mbeya kuwa Songwe kwenye mstari wa mteja, ripoti zote za zamani zitabadilika kimyakimya na hazitalingana tena na zile zilizochapishwa na kusainiwa wakati huo. Njia aliyoieleza Kimball ni kuuacha mstari wa zamani kama ulivyo, kuuwekea tarehe ya kuisha, na kuongeza mstari mpya wa mteja yule yule wenye tarehe ya kuanza. Kila mstari hupewa ufunguo mbadala, yaani namba inayotolewa na ghala lenyewe bila kutegemea namba ya mteja iliyo kwenye kaunta, ili tukio la mwaka 2014 lielekeze kwenye mteja wa Mbeya na la mwaka 2018 lielekeze kwenye mteja huyo huyo akiwa wa Songwe. Kama uongozi unataka pia kuona historia yote kwa mipaka ya sasa, huongezwa safu ya mkoa wa leo pembeni, na maswali yote 2 hujibiwa. Aliyefanya kazi Kenya ataukuta mtihani huo huo katika kuhama kutoka mikoa 8 kwenda kaunti 47 mwaka 2013.

Vipimo vilivyomo katika jedwali la matukio navyo si vya aina moja. Thamani ya mauzo hujumlishika kwa kila upande, kwa bidhaa, kwa tawi na kwa siku. Deni la mali kauli halijumlishiki kwa siku: mteja aliyedaiwa shilingi 500,000 Jumatatu na bado akadaiwa hizo hizo Jumanne hadaiwi milioni moja, kwa hiyo deni, kama ilivyo stoku ya ghalani, huweza kujumlishwa kwa wateja wote wa siku moja, lakini kwa mwezi hutajwa salio la siku ya mwisho au wastani. Asilimia hazijumlishiki wala hazitolewi wastani hata kidogo. Bidhaa iliyouzwa kwa shilingi 1,000,000 ikaleta faida ya 100,000 ina asilimia 10, na iliyouzwa kwa 100,000 ikaleta 30,000 ina asilimia 30. Anayechukua wastani wa hizo atatangaza asilimia 20, wakati faida halisi ni 130,000 katika mauzo ya 1,100,000, yaani kama asilimia 11.8. Kwa sababu hiyo ghala huhifadhi mauzo na faida, na asilimia hukokotolewa mwishoni, baada ya kujumlisha.

Data hufika ghalani kwa hatua 3 ambazo ni kuchota, kusafisha na kupakia, na katika hizo kusafisha ndiko kunakokula muda mwingi zaidi. Namba moja ya simu ya mteja huandikwa ikianza na 0, mahali pengine ikianza na 255, pengine na alama ya kujumlisha, na ikipitia kwenye lahajedwali ile 0 ya mwanzo huweza kudondoka kwa kuwa programu imeichukulia simu kama namba ya hesabu. Mji mmoja huitwa Dar, DSM na Dar es Salaam katika faili moja. Kanuni inayomlinda mjenzi ni kuiweka data kwanza kama ilivyokuja, katika majedwali ya mapokezi yasiyoguswa, na kuisafisha kwa maagizo ya SQL yaliyohifadhiwa, ili kosa la usafishaji likigundulika miezi mitatu baadaye kazi irudiwe kutoka mwanzo badala ya kukisiwa. Lahajedwali peke yake haiwezi kubeba dhima hiyo. Mwaka 2020 nchini Uingereza takriban matokeo 16,000 ya vipimo vya Uviko-19 yalichelewa kuingia katika takwimu za taifa kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel, lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536, liliacha nje mistari iliyozidi.

Saa nayo inahitaji uangalifu wa pekee katika ukanda huu. Seva nyingi huhifadhi muda kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, na mjenzi anayekata tarehe moja kwa moja kutoka kwenye muda huo atayarudisha nyuma siku moja malipo yote yaliyofanyika kati ya saa 6 na saa 9 usiku. Malipo ya simu yaliyopokelewa saa 7 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai yatahesabiwa tarehe 30 Juni, na katika biashara inayofunga hesabu zake pamoja na mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania, yatakuwa yameingia mwaka usio wake. Katika PostgreSQL inatosha kuugeuza muda kwa kutaja ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kabla ya kukata tarehe, lakini lazima ugeuzwe, na kazi hiyo ifanyike mahali pamoja, wakati wa kupakia.

Kuhusu zana zenyewe hakuna haja ya maneno mengi. PostgreSQL, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ni ya bure, na tangu toleo la mwaka 2013 inaweza kuyahifadhi matokeo ya agizo zito kama jedwali na kuyahuisha kila inapoagizwa, jambo linalotosheleza biashara nyingi. SQL Server ya Microsoft huja na zana zake za kupakia data, za kuandaa vipimo na za kutoa ripoti, na aliyeajiriwa mahali inapotumika azisome hizo. DuckDB, iliyotoka katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, huendeshwa kwenye kompyuta mpakato bila seva, na huhifadhi data safu kwa safu badala ya mstari kwa mstari, kwa hiyo agizo linalohitaji safu 2 kati ya 40 husoma hizo 2 tu. Michoro huweza kutengenezwa kwa Power BI, Metabase au Superset. Tofauti kati ya zana hizi ni ndogo kuliko tofauti kati ya nyota iliyopangwa vizuri na iliyopangwa ovyo, na mwanafunzi anayehama zana kila mwezi anapoteza muda ambao angeutumia kujifunza kuunganisha majedwali bila kuzidisha mistari.

Kazi haijakamilika mpaka ghala lilinganishwe na leja. Kila baada ya kupakia, maagizo machache yanapaswa kuendeshwa yenyewe: idadi ya ankara ghalani ilingane na ya kaunta, jumla ya mauzo ya kila siku ilingane mpaka shilingi ya mwisho, asiwepo mteja mwenye mistari 2 inayotumika kwa tarehe moja, lisiwepo tukio lisilo na bidhaa. Tofauti ikijitokeza, ripoti ya siku hiyo isitoke mpaka sababu ijulikane. Katika majaribio hayo hayo ikaguliwe pia haki ya wateja, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinawahesabu wenye namba hizo za simu kuwa watu wenye ulinzi: mchambuzi wa mauzo ya kanda anahitaji kujua kwamba mteja ni yule yule aliyenunua mwezi uliopita, na kwa hilo ufunguo mbadala unatosha, ilhali jina na simu hubaki katika jedwali jingine linalofunguliwa na wale tu wanaompigia mteja kuhusu deni lake.